Haziumi, Zinafukuta

Tuliondoka nyumbani saa kumi alfajiri ili tuwahi namba, na bado tuliingia kwa daktari saa tano kasoro robo. Alikuwa kijana mwenye adabu, macho mekundu ya mtu aliyekesha kazini. Alimwamkia mama shikamoo, akamsogezea kiti, akafungua faili.

"Bibi, unasumbuliwa na nini?"

"Nyayo, mwanangu. Usiku hazinipi kulala."

"Zinauma?"

"Haziumi. Zinafukuta."

Nilikuwa nimekaa pembeni, na kwa kuwa kusoma maandishi ya watu ndiyo kazi yangu, nilisoma alichoandika. Aliandika kwa Kiingereza, kama waandikavyo madaktari wetu, kwamba mgonjwa hana maumivu na analalamika usingizi. Tukapewa vitamini na dawa ya kuchua. Nje kulikuwa na watu wasiopungua sitini wakisubiri mlango ufunguke, kwa hiyo simlaumu sana yule kijana. Tukarudi nyumbani, mama akaendelea kulala na miguu nje ya shuka.

Wiki saba baadaye tulikuwa kwenye zahanati nyingine kwa ajili ya jicho lake. Muuguzi mmoja mtu mzima, wa makamo ya mama, alimsikia akisimulia habari za nyayo kwa jirani yake wa benchi. Akaacha alichokuwa anafanya, akaja akachuchumaa mbele yake.

"Zinafukuta kama makaa yaliyofunikwa majivu?"

"Haswa, dada yangu."

"Na kiu je?"

"Hata usiniulize."

Akamtoboa kidole. Sukari ikasoma 19, juu mno.

Nimelirudia tukio hili kichwani mara nyingi mno. Mama alisema mapema kabisa, siku ya kwanza, tena alisema kwa neno lililo sahihi kuliko lolote ambalo ningempatia mimi. Kufukuta ni moto usio na ndimi, moto wa ndani ya pumba za mpunga, unaokula polepole huku juu huoni kitu. Ukimtafuta daktari wa kisukari akueleze namna mishipa ya fahamu ya miguuni inavyoharibika kwa sukari, atakupa picha isiyo mbali na hiyo. Lakini aliulizwa kama zinauma. Mama ni mtu wa Pangani, anajua tofauti ya kuuma na kufukuta, akajibu alichoulizwa.

Mimi ni mwalimu wa fasihi ya Kiingereza. Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka 22, na nusu ya kwanza ya miaka hiyo nilifundisha tamthilia na ushairi kama nilivyofundishwa: vina, sitiari, dhamira, maswali ya mtihani. Tangu habari ya nyayo nimehamia kwingine. Nasoma barua za wagonjwa wa zamani, shajara zao, taarifa za wapasuaji, na kila Alhamisi jioni huketi na wanafunzi wachache wa udaktari tukapitia kurasa mbili tatu pamoja. Ndugu zangu huniuliza mwalimu wa mashairi anatafuta nini hospitali, na wana haki ya kuuliza. Jibu langu ni hili: ugonjwa hufika mezani kwa daktari ukiwa maneno kwanza. Kabla ya damu kuchukuliwa, kabla ya picha kupigwa, kuna mtu anasema kitu na mwingine anasikia kitu, na yanayofuata yote hutegemea kilichosikika. Hapo ndipo pa watu wa fasihi.

Njia hii nilikuta imeshakanyagwa na wengine, na aliyeitangulia alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Joanne Trautmann, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Joanne Trautmann Banks, alianza mwaka 1972 kufundisha fasihi katika chuo cha udaktari cha Penn State, mjini Hershey, Pennsylvania. Huhesabiwa kuwa mwalimu wa kwanza wa fasihi kuajiriwa ndani ya chuo cha udaktari Marekani. Hershey ni mji wa chokoleti. Milton Hershey aliujenga kuzunguka kiwanda chake, na mali aliyoiacha wakfu ndiyo iliyotoa dola milioni 50 mwaka 1963 ili chuo kijengwe. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1967. Mkuu wake wa mwanzo, Dkt. George Harrell, aliweka idara ya insia, yaani masomo ya utu kama fasihi na falsafa, ndani ya chuo tangu siku hizo, idara kamili yenye walimu wake, jambo ambalo hakuna chuo kingine cha udaktari kilichokuwa kimelifanya.

Huwa namfikiria akiingia darasani mara ya kwanza. Wanafunzi wametoka kwenye maabara ya maiti, mikono inanuka dawa, na mbele yao amesimama mama mwenye kitabu cha hadithi. Wangapi walidhani ni saa ya kupumzika? Yeye hakuja kuwapumzisha. Mwaka 1975 alitoa, pamoja na mwenzake, orodha kubwa ya kazi za fasihi zinazogusa tiba, kila moja na maelezo mafupi, ili mwalimu yeyote atakayemfuata asianze kutafuta gizani. Na miaka ile ile, 1975 hadi 1980, alikuwa akihariri na Nigel Nicolson barua za Virginia Woolf, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, juzuu sita.

Kazi hizo mbili kwangu naziona kazi moja. Woolf aliishi nusu ya maisha yake akiugua na kupata nafuu. Madaktari wake walimlaza chumba chenye mapazia, wakamnywesha maziwa kwa wingi, wakamkataza kusoma na kuandika, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa tiba iliyoaminika ya akili iliyochoka. Mwandishi akakatazwa kalamu kwa cheti cha daktari. Anayepitisha siku zake akisoma barua za mtu kama huyo, kisha jioni akakutana na vijana watakaoandika vyeti kesho, hawezi kufundisha fasihi kama pambo.

Agosti 1925 Woolf alianguka akazimia katikati ya sherehe, akalala kitandani wiki nyingi. Humo kitandani akaandika insha juu ya kuugua, ikachapishwa Januari 1926 katika jarida la mshairi T. S. Eliot. Anashangaa kwa nini fasihi imejaa mapenzi, vita na wivu, na ugonjwa, unaompata kila mtu, haumo. Kisha anailaumu lugha yake mwenyewe. Kiingereza, anasema, kina maneno ya kutosha kueleza mawazo ya Hamlet na msiba wa Lear, watu wa tamthilia za Shakespeare, lakini hakina maneno ya kutetemeka kwa homa wala ya kichwa kuuma. Msichana wa shule akipenda, ana Shakespeare na mshairi Keats wa kumsemea. Mgonjwa akijaribu kumweleza daktari kichwa chake kinavyomuuma, lugha inamkaukia pale pale.

Nilipoisoma mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi niliipokea kama ukweli wa dunia nzima. Siku hizi naisoma nikiwaza, dada yangu, ungekuja Pangani. Kichwa kinawanga, kinagonga, kinapasuka. Jipu linapwita. Tumbo linasokota au linakeketa, na haya hayafanani, muulize mama yeyote mwenye mtoto mchanga. Ubavu una kichomi. Kidonda kinachonyota ukikimwagia limau, na ukikigusa tena umekitonesha. Mguu umekufa ganzi, mshipa unavuta, ngozi ina mnyeo. Kifua kinabana, kinachoma, kina kiungulia. Hatuna uhaba. Kinachotukuta sisi ni kingine: mgonjwa husema kwa Kiswahili na faili huandikwa kwa Kiingereza, na katika sekunde mbili za kuhamisha, kuwanga, kupwita na kusokota hugeuka kuwa neno moja la maumivu. Tafsiri ngumu kuliko zote nchini hufanywa na watu waliokesha, bila kamusi, bila mtu wa kuipitia, mara mamia kwa siku.

Wako waliolitazama jambo hili kwa macho ya sayansi. Ronald Melzack, mwanasaikolojia wa Kanada, alikutana miaka ya 1950 kwenye kliniki moja ya Oregon na mwanamke mtu mzima aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na bado akihisi mateso mahali ambapo mguu haukuwepo tena. Mama huyo alikuwa hodari wa kuyaeleza. Melzack akaanza kuandika maneno yake, kisha ya wengine, akayapanga kwa makundi, na mwaka 1975, akiwa Chuo Kikuu cha McGill, akatoa dodoso lenye maneno 78 ya maumivu, lililokuja kutumika dunia nzima. Chanzo chake ni mgonjwa wa kisukari aliyejua kusema na mtu aliyekuwa na daftari. Nilipolijua hilo niliinuka kwenye kiti.

Woolf mwenyewe, nadhani, alikosea kidogo kuhusu Kiingereza, na shahidi yuko nyumbani kwao. Mama yake, Julia Stephen, aliwauguza wagonjwa wengi, na mwaka 1883 alichapisha kijitabu cha kufundisha kuuguza. Humo ana habari za makombo ya mkate kitandani. Anayazungumzia kwa uzito ambao wengine huwapa wafalme: yanavyojificha, yanavyomtesa asiyeweza kugeuka, namna ya kuyatoa moja moja kwa kidole kilicholoweshwa. Mtu mzima mwenye afya hawezi kujua punje ya mkate ina ukali gani chini ya mgongo wa mgonjwa. Julia alijua kwa sababu aliwasikiliza. Julia alikufa wakati Virginia ana miaka 13. Tangu niyasome maneno yake, kanga ya mama huikung'uta mara mbili kabla sijamtandikia.

Kwa wanafunzi wangu wa Alhamisi huanza na barua moja. Fanny Burney alikuwa mwandishi wa riwaya mwenye jina kubwa Uingereza, akaolewa na ofisa wa Kifaransa, na mwaka 1811 alikuwa Paris akiwa na uvimbe titini. Tarehe 30 Septemba mwaka huo alipasuliwa nyumbani kwake. Kiongozi wa wapasuaji alikuwa Dominique-Jean Larrey, daktari wa jeshi la Napoleon, yule aliyebuni magari mepesi ya farasi ya kuwaondoa majeruhi vitani. Nusukaputi haikuwepo. Etha, dawa ya kumpoteza mgonjwa fahamu, ingeonyeshwa Boston mwaka 1846, miaka 35 baadaye. Alichokuwa nacho Burney ni kikombe cha mvinyo uliotiwa dawa.

Anaeleza kwamba alimwondoa mumewe kwa hila ili asishuhudie. Aliingia chumba kilichoandaliwa, akaona bandeji, sponji na pamba, akatoka, akarudi, akazunguka. Kisha wanaume saba wenye nguo nyeusi wakaingia bila hodi. Wakataka kitanda, magodoro mawili makuukuu na shuka kuukuu. Yale makuukuu ndiyo yaliyomwambia kitakachomwagika. Akafunikwa uso kwa leso ya kitambaa chepesi, chepesi mno, akaona kupitia humo chuma kikimetameta. Kimya kikatanda. Larrey akauliza kwa huzuni, nani atanishikia titi hili? Hakuna aliyejibu. Basi kupitia leso akaona kidole kikichora hewani mstari kutoka juu hadi chini, kisha msalaba, kisha duara. Akaelewa kwamba litaondolewa lote. Akaruka, akaitupa leso, akajibu kwamba atalishika yeye mwenyewe.

Hapo huwaacha wanafunzi wanyamaze kidogo. Msalaba na duara, hewani, kidoleni mwa mtu asiyejua kwamba anaonwa. Wapasuaji walizungumza kwa ishara ili mgonjwa asielewe, na mgonjwa alikuwa msomaji hodari kuliko wote waliokuwamo chumbani.

Upasuaji ulichukua dakika 20. Anasema alipiga ukelele uliodumu muda wote wa kukata, na anashangaa hausikii tena masikioni. Anaeleza kisu kikikwangua mfupa wa kifua. Mwishoni, alipobebwa kupelekwa kitandani, alifumbua macho akamwona Larrey amepauka karibu kama yeye, uso una michirizi ya damu, na usoni mna majonzi na kitu kama hofu kuu. Barua hii alimwandikia dada yake Esther, na ilimchukua miezi. Alikuwa akianza, kichwa kinamuuma, anaacha. Alipoimaliza hakuthubutu kuisoma tena. Aliishi hadi 1840, akafa na miaka 87.

Yako maelezo mengine ya mchana ule, mafupi, ya mwanafunzi wa Larrey. Yanasema upasuaji ulikuwa wa uchungu na mgonjwa aliustahimili kwa ushujaa mkubwa. Si uongo. Ni faili. Huwapa wanafunzi barua, nawaambia waandike wao faili la mgonjwa kwa mistari sita, kama watakavyoandika wodini, kisha tunatafuta pamoja kilichoanguka njiani. Leso huanguka mara zote. Duara huanguka. Mwaka jana binti mmoja, mkimya ambaye hakuwahi kuinua mkono, alisema kilichomwangukia yeye ni uso wa Larrey. "Mwalimu, tumefundishwa jinsi ya kushika kisu. Hakuna aliyetuambia kwamba tutapauka." Hatukuendelea na somo siku hiyo. Walizungumza wao, hadi mlinzi akaja kufunga.

Nina deni pia kwa mshairi John Donne, kwa sababu nilimfundisha vibaya kwa miaka kumi. Kila msomi wa Kiingereza anayajua maneno yake kwamba hakuna mtu aliye kisiwa peke yake, na kwamba usitume mtu kuuliza kengele inamlilia nani. Nilikuwa nikiyaweka ubaoni kama methali iliyoanguka kutoka mbinguni. Ukweli ni kwamba yametoka kitandani kwa mgonjwa. Mwishoni mwa 1623 Donne, mkuu wa kanisa kuu la St Paul's, London, alishikwa na homa kali iliyokuwa ikiua watu mjini. Mfalme James alimtuma daktari wake mwenyewe. Donne akaandika hatua 23 za ugonjwa huo, moja baada ya nyingine, kitabu kikatoka 1624. Kengele aliyoisikia ilikuwa ya kanisa la jirani, ikilia mfululizo kwa ajili ya maiti za watu wa mtaani, naye amelala hajui kama inayofuata ni yake. Humo mna njiwa pia. Madaktari walimwekea njiwa miguuni ili wavute mvuke mbaya kutoka kichwani. Mwanafunzi akicheka njiwa, namuuliza walitaka kufanya nini na mvuke huo, ulitoka wapi, kwa nini ushuke miguuni. Tukimaliza kujibu, hacheki tena. Anaona watu wenye akili waliokuwa na hesabu zao, na hesabu zilikuwa na makosa.

Ndiyo maana fasihi peke yake hainitoshi, nataka na historia ya tiba kando yake. Keats anaumiza zaidi ukijua mambo yote mawili. Alisomea tiba hospitali ya Guy's, akapata leseni mwaka 1816, kisha akaiacha kwa ajili ya ushairi. Alimuuguza mdogo wake Tom aliyekufa kwa kifua kikuu Desemba 1818. Februari 1820 alikohoa tone la damu kwenye shuka, akaomba mshumaa, akalitazama, akamwambia rafiki yake kwamba anaijua rangi hiyo, ni damu ya ateri, na tone hilo ndilo hati ya kifo chake. Mkono wa mshairi na jicho la tabibu vilikuwa ndani ya mtu mmoja, na havikumwokoa. Huko Rome daktari wake aliyempenda alidhani kwanza ugonjwa uko tumboni, akamtoa damu, akampunguzia chakula hadi akawa analia njaa. Alikufa 23 Februari 1821, miaka 25. Robert Koch alikuja kutangaza kijidudu cha kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882. Sipendi kusikia watu wakisema mashairi yanaponya. Namwambia kila anayekuja Alhamisi kwamba hatutamponya mtu kwa shairi.

Tunachojifunza ni kusubiri. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walisikiliza kanda za wagonjwa 74 wakiwa na madaktari, wakakuta kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Nilijaribu sekunde 18 na saa ya ukutani. Mama hajafika hata kwenye nyayo, bado yuko kwenye salamu.

Na Rita Charon, daktari wa New York aliyerudi shule katikati ya kazi akachukua uzamivu wa fasihi ya Kiingereza hapo hapo Chuo Kikuu cha Columbia alipokuwa akifundisha tiba, ameeleza jinsi alivyobadilisha swali lake la kwanza. Akawa anamwambia mgonjwa mpya amsimulie anachodhani daktari anapaswa kujua, kisha anatulia bila kuandika. Mmoja aliyeambiwa hivyo alianza kulia. Hakuna aliyewahi kumpa nafasi hiyo.

Sasa nije kwetu, kwa kuwa tuna andiko ambalo nalo tumelifundisha kwa kulifumbia jicho moja. Mwaka 1858 huko Lamu, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi. Shuleni tuliusoma kama orodha ya wajibu wa mke: mume aridhike, nyumba inukie, adabu mbele ya wakubwa. Tukagombana kama unamdhulumu mwanamke au unamlinda. Ni mjadala halali. Lakini soma beti za mwanzo polepole. Mama anasema maradhi yamemshika hata yametimia mwaka, na muda wote huo hajapata kumwambia mwanawe neno jema. Kisha anamwita asogee, aketi, aje na wino na karatasi. Miaka michache baadaye alifariki. Utendi mzima umesemwa na mgonjwa ambaye ameshapima muda wake. Kila agizo la kuchana nywele na kutia manukato limetoka kwenye mdomo wa mtu ambaye mwili unamwacha, na kando yake kuna binti mwenye kalamu. Mbona hatukuambiwa tuutazame ule wino?

Mimi nimenunua daftari. Ni la kawaida, la mistari, jalada la bluu, na huwa kwenye droo karibu na kitanda cha mama pamoja na mashine ya kupimia sukari. Upande wa kushoto naandika namba, upande wa kulia naandika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyasahihisha. Mwanzoni alilionea haya. "Unaandika upuuzi wangu wote?" Siku hizi, nikichelewa kulitoa, huniita mwenyewe. "Andika. Leo kisigino kinachonyota, kidole kikubwa kinapwita. Usichanganye."

Miezi miwili iliyopita, jioni moja, aliniambia nyayo hazifukuti tena. Nikashukuru Mungu kwa sauti.

"Usishukuru bado," akasema. "Hazikupoa. Zimenyamaza."

"Ganzi?"

"Ganzi huja ikaenda. Hizi zimenyamaza. Jana nilikanyaga kifuniko cha soda jikoni, nikakijua kwa kuona damu."

Niliandika kama alivyosema, na tarehe. Asubuhi tulidamka saa kumi tena. Daktari wa safari hii alikuwa binti mdogo mwenye hijabu, na benchi lake lilikuwa limejaa kama mabenchi yote. Nilimpa daftari likiwa wazi kwenye ukurasa ule. Alisoma mistari ya kulia kwanza, hadi chini. Halafu akaweka kalamu, akasogeza stuli, akamvua mama kandambili, akaushika unyayo kwa mikono miwili na kuugeuza kuelekea dirishani.

"Zimenyamaza tangu lini, bibi?"